Upepo wa Jua Ulioingia Kila Jumatano

Kabla hamjaniuliza habari za setilaiti, vueni mishipi.

Siwatanii. Mishipi, funguo, simu, saa, na wewe dada mwenye viatu vya kuinuka, vua pia, maana soli za siku hizi zina chuma ndani kama nguzo za gorofa. Kila kijana aliyeletwa kwangu kujifunza kazi alidhani nafanya mzaha. Amesoma chuo kikuu miaka minne, amejiandaa kuulizwa maswali mazito ya jua na sayari, halafu mwanamke wa Ikutha mwenye diploma anasimama mlangoni na kumwambia aingie akiwa ameshika suruali kwa mkono. Wengine walinuna. Mmoja alirudi kwenye gari na hakutoka tena. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe, na asiyeweza kuvua mshipi aende akafanye kazi benki.

Mimi naitwa Syombua, ingawa hapa kwetu nikiitwa hivyo huenda nisigeuke, kwa kuwa wote wananijua kwa jina la Mama Mwende. Kwa miaka mingi nilitunza kituo kidogo cha kupima sumaku ya dunia, nje kidogo ya soko la Ikutha. Msifikirie majengo. Kulikuwa na kibanda cha mbao kilichopigiliwa misumari ya shaba na kuezekwa nyasi, na ndani yake, juu ya nguzo ya mawe, kipimasumaku chenye ukubwa wa chupa ya chai. Waya ulizikwa ardhini hadi ofisini, na ofisini kompyuta ilichora mstari, mchana kutwa na usiku kucha. Chombo kile kilikuwa na masikio ya ajabu. Mtu akipita karibu na ua akiwa na jembe begani, mstari ulijua.

Tulikuwa tunasubiri nini? Tulisubiri upepo wa jua. Jua halitupi mwanga na joto tu, linapuliza pia. Chembe zenye umeme, ambazo wasomi huziita plazma, hutoka huko bila kupumzika na kuja kwetu kwa kasi ambayo hakuna basi la Mombasa litakaloifikia hata dereva akiwa amelewa. Zikifika, zinakuta dunia imejizungushia boma la sumaku, na nyingi hupita kando na kwenda zao. Lakini upepo huo nao una sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kusini, nyuzi za sumaku za boma letu hukatika na kuungana na za upepo, mlango unakuwa wazi na plazma inaingia.

Kuna setilaiti moja iliyokaa mbali sana upande wa jua, kama mlinzi wa nje. Hiyo hutuambia upepo ukoje wakati bado umebakiza nusu saa hivi, au saa nzima, kutufikia. Kisha ziko nne zinazoruka pamoja, zikivuka ukuta wenyewe wa boma, mara ndani mara nje. Namba zake kamili hutufikia baada ya siku kadhaa, na kuzisoma si uchawi: nje ya ukuta chembe ni nyingi na sumaku inayumbayumba, ndani chembe ni chache na sumaku imetulia. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha mstari wa kibanda chetu na namba za huko juu. Mkishika hayo tu, mmeshajua zaidi ya wakubwa wawili niliofanya kazi chini yao.

Aliyenifundisha hakuwa mkubwa. Alikuwa Mzee Nzioka wa Nuu, aliyekuwa amevuta nyaya za simu nusu ya Ukambani kabla ya kuletwa kituoni. Mwezi wangu wa kwanza nilitaka kuonyesha bidii. Nikafagia kibanda, nikapanga vitabu, nikanunua kufuli mpya ya kupendeza nikaifunga mlangoni. Asubuhi ile mstari ukapanda na kukaa juu. Nilifurahi jamani! Niliandika ripoti ya kurasa sita kuhusu mabadiliko makubwa ya sumaku ya dunia yaliyoanza Jumatatu. Mzee aliisoma yote akitafuna muhogo. Siku ya saba akaenda kibandani, akafungua kufuli, akaitia mfukoni na kutembea nayo hadi ofisini. Mstari ukashuka.

"Mama Mwende," akaniambia, "umevumbua kufuli."

Kutoka siku hiyo alinipa daftari la jalada gumu. Juu yake alikuwa ameandika mwenyewe: UPUMBAVU. Kila kitu kilichotokea karibu na kituo kiliandikwa humo pamoja na saa: ng'ombe mwenye kengele, baiskeli, mlinzi aliyesahau panga, na mimi mwenyewe siku niliyoingia na sidiria yenye waya na kuleta dhoruba ya dakika kumi na mbili. Mgeni mmoja profesa, aliyevuka bahari kuja kutuona, alisimama ukutani mwa kibanda mchana mzima akishangilia dhoruba kubwa. Buti zake zilikuwa na chuma mbele. Nilimwandika pia, kati ya punda na toroli.

"Ukiona muujiza kwenye mstari," Mzee alikuwa akisema, "kwanza tafuta panga."

Alistaafu akarudi Nuu kwa mbuzi wake, na mimi nikabaki peke yangu. Ndipo tukaletewa Daktari Musembi.

Sitaki kumsema vibaya, kwa hiyo nitasema ukweli tu. Alikuwa mtu safi. Mashati yake yalikuwa yamepigwa pasi hadi ukiyagusa unajikata. Alijua kusema mbele ya kamera. Alikuwa ameandika karatasi nyingi za utafiti, na katika zote jina lake lilikuwa la sita au la saba, mahali anapowekwa mtu aliyefungua dirisha. Alikuja Ikutha kutafuta karatasi ambayo jina lake lingekuwa la kwanza, na mtu anayetafuta kitu kwa njaa namna hiyo, lazima akipate.

Alikipata mwezi wake wa pili. Mstari ulianza kurukaruka. Haukuwa mshtuko mmoja na mteremko mrefu, kama dhoruba za kweli ninazozijua. Ulikuwa ukipanda ghafla karibu saa nne asubuhi, unatetemeka kwa saa mbili au tatu, kisha unaanguka palepale ulipokuwa. Jumapili. Kisha Jumatano. Kisha Jumapili tena.

"Madam," Daktari akaniambia, macho yamemtoka, "unajua hii ni nini? Huu ni mlango mpya! Plazma inashuka hapa, juu ya Kitui, mahali ambapo vitabu vyote vinasema haiwezi."

"Daktari, nimeangalia setilaiti ya mbele. Upepo umetulia. Na zile nne, namba za wiki jana zimefika. Ukuta uko mahali pake, hakuna kilichoingia."

"Ndiyo maana ni uvumbuzi. Setilaiti hazijauona."

"Lakini ni Jumapili na Jumatano tu. Jua linajuaje kama leo ni Jumatano?"

Alinitazama kama mtu anavyotazama kuku aliyeingia sebuleni. "Madam, kazi yako ni betri na nyasi ya paa. Uzifanye vizuri. Sayansi utuachie sisi."

Na mimi nikamwachia. Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana makosa ya kufuli na sidiria ni ya kuchekwa, lakini hili silicheki. Nilijua kuna kitu si sawa. Daftari nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa na Mwende chuoni na mdogo wake kidato cha tatu, nikajiambia kwamba mkubwa akikosea ni kosa la mkubwa. Nikabadilisha betri, nikatengeneza paa. Wiki tatu nilikaa kimya, na wiki tatu ni nyingi.

Kwa sababu Daktari hakukaa kimya. Alienda kwenye redio inayotangaza kwa Kikamba, akasema kuna ufa angani juu ya Ikutha na upepo wa jua unaingia. Alisema maneno mengine marefu pia, ila hayo marefu hayakufika popote. Neno "ufa" ndilo lililofika. Kabla ya jioni soko zima lilikuwa likiangalia juu. Muuza kofia aliuza kofia zote. Kinyozi mmoja alikuwa akipaka watu mafuta fulani ya kuzuia ufa, na yalikuwa mafuta ya kujipaka ya kawaida, niliyajua kwa harufu.

Kanisa la jirani yetu, lililokuwa limejengwa upya mwaka ule, lilijaa hadi watu wakasimama nje. Mchungaji Ndolo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameomba miaka yote kanisa lijae, na lilipojaa hakuuliza maswali. Alimkaribisha Daktari madhabahuni kutoa ushuhuda. Daktari akashuhudia Jumapili. Akaombwa ashuhudie na Jumatano, kwenye maombi ya mfungo ya asubuhi. Akazoea.

Halafu akaja Kioko.

Kioko alikuwa dalali wa mashamba kutoka Salama, mtu wa barabara kuu, mwenye pikipiki inayong'aa na sauti ya pole kama ya mtu aliyefiwa. Alipita nyumba kwa nyumba kuzunguka kituo. Aliwaambia watu kwamba ardhi iliyoshukiwa na upepo wa jua haitaota ndengu tena, na kwamba yeye, kwa huruma, angewachukulia mzigo huo. Familia ya Mwangangi, iliyolima hapo tangu babu yao, ilikubali. Wakapakia vitanda na kuku kwenye lori wakahamia kwa shemeji yao upande wa Makueni. Niliwaona wakipita. Mama yule alinipungia mkono. Nilimpungia.

Siku iliyofuata alinijia Mwaitu Kalekye, na mwaitu kwa Kikamba ni mama. Huyu alikuwa mjane mwenye umri wa mama yangu, na shamba lake lilipakana na ua wetu upande wa mashariki. Kila siku alipitisha mbuzi wake nje ya ua na kila siku nilimwandika kwenye daftari. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akaweka kiondo chini.

"Mama Mwende, mimi sikusoma. Wewe uko hapa kila siku. Ni ukweli shamba yangu imeingiwa na hiyo upepo?"

"Ni nani amesema, mwaitu?"

"Kioko. Na yule daktari wenu kwa redio. Ijumaa naenda kwa chifu kuweka kidole kwa karatasi ya kuuza. Kioko ameandika kila kitu." Akaonyesha kwa kidevu upande wa shamba. "Nimezika mzee hapo, na watoto wawili. Sasa nauliza, kama ni ukweli nihame. Kama si ukweli, uniambie."

Ilikuwa Jumamosi. Ningeweza kumwambia palepale, "Si kweli." Lakini angeniuliza basi ni nini, na sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa mama yule maneno yangu matupu apime na maneno matupu ya Kioko. Nikamwambia, "Mwaitu, usiweke kidole mahali popote kabla sijakuja kwako." Nikaenda kufungua daftari la upumbavu, nikiwa na aibu kama mtu anayefungua Biblia baada ya miaka.

Halikunisaidia mara moja. Nilipekua kila ukurasa wa miezi ile. Hakukuwa na gari Jumapili saa nne. Hakukuwa na ng'ombe. Nilikuwa nimeandika mambo ya ndani ya ua na ya njiani, basi. Lakini mahali fulani, mwanzoni kabisa mwa mambo yale, nilikuta mstari mmoja wa mwandiko wangu: "Kanisa wameweka vipaza sauti vipya. Kelele." Nilikuwa nimeuandika kwa hasira, si kwa sayansi.

Jumapili nilichukua kipimasumaku kidogo cha mkononi, kile cha kutafutia mahali pa kujenga vituo, nikaacha ibada inipite nikizunguka ua kwa miguu. Upande wa magharibi, kwenye miti, namba zilipanda. Nikainua macho. Waya mweusi ulikuwa umefungwa kwenye matawi, ukitoka nyumbani kwa mchungaji upande mmoja wa kituo hadi kanisani upande wa pili. Nikaufuata. Nikarudi kwa upande wa mashariki, kwenye ua wa seng'enge wa Mwaitu Kalekye. Namba zikapanda tena, hapohapo penye seng'enge.

Fundi aliyeweka umeme ule aliitwa Mutua, na nilimkuta nyuma ya kanisa amekaa karibu na amplifaya.

"Mutua, betri ziko wapi?"

"Nyumbani kwa pasta. Sola ziko kwa paa yake, si unajua hapa kanisani zingeibiwa."

"Na waya wa kuleta umeme umepita kwa miti ya magharibi."

"Eeh."

"Na wa kurudisha?"

Akakuna shingo. "Waya iliisha, Mama Mwende. Nikaona si kuna seng'enge ya mwaitu imefika karibu na pande zote mbili? Nikaunganisha hapo. Hiyo ni umeme kidogo tu, haiwezi shika mbuzi."

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa mkono mmoja. Vijana, andikeni hili: waya wa kwenda na waya wa kurudi zitembee pamoja, bega kwa bega, na sumaku zake zitamalizana. Ukizitenganisha, umeunda kitanzi. Mutua alikuwa amepitisha umeme wa jua magharibi mwetu na kuurudisha mashariki mwetu, na kibanda changu kikawa katikati ya kitanzi kama shingo. Amplifaya ikiwashwa, mstari unapanda. Mhubiri akipaza sauti, amplifaya inanywa umeme zaidi, na mstari unaruka. Miezi miwili tulikuwa tumepima mahubiri.

Nilikwenda kwa Daktari Jumatatu asubuhi, na nawaapia nilikwenda kwa heshima. Nilifunga mlango ili asiaibike. Nilimchorea kila kitu kwenye karatasi. Alisikiliza hadi mwisho, nikadhani tumepona.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Fundi tu."

"Basi ibaki hivyo. Kadi za mwaliko wa sherehe ya uvumbuzi zimetoka, Madam. Kesho kutwa kuna watu wa kaunti, kuna waandishi, kuna mgeni wa ubalozi. Baada ya hapo tutaichunguza hii maneno ya waya polepole."

"Daktari, watu wanauza mashamba."

"Mimi sijauza shamba la mtu."

Kweli, hakuwa ameuza. Nimeishi kutosha kujua kwamba watu wa namna yake hawauzi chochote. Wao hufungua mlango tu, wauzaji wakaingia.

Sherehe ilifanywa Jumatano. Kwa nini Jumatano? Kwa sababu Daktari alitaka wageni waone upepo ukiingia kwa macho yao, saa nne. Na kwa nini kanisani? Kwa sababu Ikutha nzima hakukuwa na ukumbi mwingine wenye viti vya kutosha na vipaza sauti vizuri. Nilipoambiwa hivyo niliinamisha kichwa, akadhani nimekubali kushindwa.

Niliamriwa nikae mbele na kompyuta, nionyeshe mstari kwenye televisheni kubwa, nisiseme neno. Mstari ulikuwa umelala kama mtu aliyeshiba muthokoi. Kando yake nilifungua namba za setilaiti ya mbele. Upepo ulikuwa dhaifu, sumaku yake imeelekea kaskazini, boma limefungwa kabisa. Mutua akawasha mitambo. Mstari ukapanda kidogo. Watu wakaguna. Mchungaji akaomba, mstari ukatetemeka. Kisha Daktari akashika maikrofoni.

"Mabibi na mabwana!"

Mstari ukaruka.

"Mnaona? Mnaona wenyewe! Unaingia!" Mstari ukaruka zaidi. "Wakati huu tukizungumza, chembe kutoka jua zinapenya juu ya vichwa vyetu!"

Mama mmoja alijifunika kichwa kwa kanga. Mtu wa kaunti aliangalia paa. Waandishi wakasukumana kupiga picha, na kadiri kelele zilivyoongezeka ndivyo Daktari alivyozidi kupaza sauti, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo mstari ulivyopanda, hadi nikahofia utatoka nje ya kioo. Nikageuka nikamwona Mwaitu Kalekye safu ya tatu, kiondo kimebanwa kifuani. Kando yake alikaa Kioko, amemwinamia kwa ile sauti ya msiba, na kwenye paja lake kulikuwa na bahasha ya hati za shamba.

Nilisimama, nikaenda kwa Mutua. "Zima."

"Mama Mwende, watanifukuza."

"Watatufukuza pamoja. Zima."

Akazima. Mdomo wa Daktari uliendelea kwenda bila sauti kama samaki. Mstari ukaanguka, pwaa, ukalala palepale ulipolala asubuhi.

"Washa," nikasema. Ukapanda. "Zima." Ukaanguka. Sasa kanisa lilikuwa kimya, ungesikia mbuzi nje.

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti yangu tu, bila mtambo, "hii ya upande huu ni setilaiti. Iko huko kwa jua. Inasema leo hakuna kitu kinakuja. Huu wa pili ni mstari wetu, na unapanda kwa sababu umeme wa hivi vipaza sauti unazunguka kituo kwa waya na kwa seng'enge. Hakuna ufa. Mashamba yenu ni mazima."

"Huyu ni mfanyakazi wa betri!" Daktari akapaza sauti, bila maikrofoni, na watu wote wakageuka kutazama mstari. Haukutikisika.

Mwaitu Kalekye akasimama polepole. "Mama Mwende, nielewe vizuri," akasema. "Kumbe huo upepo wa jua ni Daktari?"

Nimesikia vicheko vingi maishani, lakini kile kilianza kwa wanawake wa nyuma, kikaja mbele kama maji ya mto uliokauka yanaporudi kwa ghafla, kikamchukua hata mtu wa kaunti. Mgeni wa ubalozi akataka atafsiriwe. Alipotafsiriwa akalazimika kutoka nje. Mchungaji Ndolo ndiye pekee aliyefanya la maana: alimwendea Kioko, akanyoosha mkono, akasema, "Bahasha ya huyu mama." Kioko akaitoa. Pikipiki yake tulisikia ikiondoka kabla ya sala ya kufunga.

Mngependa niwaambie kwamba haki ilitendeka. Daktari Musembi alipandishwa cheo. Ndiyo, msinitolee macho. Ripoti ilisema kwamba chini ya uongozi wake kituo kilitambua na kuondoa chanzo cha makosa katika data, na hata jina lake likatangulia. Alipewa ofisi Nairobi yenye zulia, na hadi leo hufundisha wengine uadilifu. Mimi nilihamishwa kwenda mji wa Wote kutunza stoo ya viti vilivyovunjika. Nilikaa mwaka mmoja. Aliyewekwa mahali pangu aliona paa la nyasi linavuja, akaliondoa akaezeka mabati, na mstari ukafa kabisa. Ndipo nikakumbukwa, nikarudishwa.

Familia ya Mwangangi haikurudi. Shamba lao lilikuwa limeshauzwa mara ya pili kwa mtu asiyejua lolote, na kesi za ardhi mnazijua. Nilikwenda kuwaona Makueni wakati nikiwa Wote. Mama yule alinipikia chai, akanisikiliza, akaniambia, "Ungesema ile wiki." Hakusema kwa hasira. Nilikunywa chai yote kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Kwa hiyo mkisikia watu wakinisifu kwa siku ile ya kanisani, kumbukeni kwamba nilichelewa wiki tatu na watu fulani ndio waliolipia.

Upepo wenyewe ulikuja miaka mingi baadaye, nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, kabla ya saa sita mchana. Setilaiti ya mbele ilionyesha chembe zimeongezeka mara kadhaa kwa mpigo mmoja, kasi imepanda, na sumaku imegeukia kusini ikakaa hukohuko. Nilikagua waya wote wa Mutua, ambao sasa ulitembea pamoja bega kwa bega. Nilivua hata herini. Kisha nikampigia simu Daktari, kwa sababu kazi ni kazi.

"Madam, niko kwenye semina ya uongozi," akasema. "Nitumie picha tu, niweke kwa hotuba."

Nikakata simu. Mwaitu Kalekye alikuwa amepita kuniletea ndengu, akanikuta nimesimama nikitazama kioo, akasimama nami. Tulingoja zaidi ya nusu saa. Kisha mstari ukainuka mara moja, ukashikilia, na baadaye ukaanza ule mteremko mrefu wa polepole ambao nilikuwa nimewaeleza vijana mara nyingi kuliko nilivyouona. Siku chache mbele namba za zile nne zilikuja: ukuta wa boma ulikuwa umesukumwa ndani kwa nguvu, na setilaiti zilizokuwa ndani zikajikuta nje kwenye upepo, zikiwa bado kwenye njia yao ileile. Lakini saa ile sikuzihitaji.

"Sasa hii ndiyo ile ya kweli?" Mwaitu akaniuliza.

"Ndiyo hii, mwaitu. Inaingia sasa hivi."

Akautazama mstari kwa muda, kisha akachungulia nje ya mlango, juu, penye anga ya buluu isiyo na hata wingu.

"Itatufanya nini?"

"Sisi hapa, hakuna kitu. Nyingi imezuiwa. Ni kidogo tu imepita."

"Haya basi," akasema, akiokota kiondo chake. "Wewe itazame. Mbuzi wangu hawajakunywa maji."